Kanda Iliyokwama

Redio iliachwa kibandani kwangu mwaka wa bei mbaya
na mtu aliyesema, "Narudi kesho."
Mlango wa kanda umekwama. Nimejaribu bisibisi,
nimejaribu matusi. Kanda haitoki,
na wimbo unaosikika ni mmoja tu: mwanamume analia
kwa Kihispania, gitaa likimfuata nyuma kama mdai.

Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia salfa, Newala,
mkabala na ghala la chama cha msingi.
Ukungu wa asubuhi ukiinuka, mji huniona nilivyo:
njano kope, njano kucha, njano hadi kikohozi.
Na ng'ambo ya barabara, Somoe,
karani wa mizani,
huchota korosho kwenye gunia, huzikata moja moja,
hutazama ndani, hukunja pua, huandika.

Msimu mzima nilimpigia wimbo ule.
Niliongeza sauti akitoka kunywa chai.
Sikujua neno hata moja. Nilijua tu
kwamba mtu hawezi kulia vile kwa ajili ya sembe.

Siku moja akapita bwana mifugo Chitanda,
kuku wawili kwapani, chanjo ya mdondo mfukoni.
Alisoma Kuba miaka sita, zamani.
Akasimama. Akacheka mpaka kuku mmoja akaponyoka.
"Unajua anasema nini?"
"Anamsifu."
"Anamsifu! Anasema: mpenzi, una makengeza,
jicho moja laniahidi, lingine lamwita muuza samaki.
Anasema: nami nina tumbo la mtungi
na miguu ya mtu mwingine.
Kwenu anayenipokea ni mbwa tu,
na juzi naye ameanza kusita."
"Na huu ni wimbo wa mapenzi?"
"Watu wazima wanalia nao, fundi. Wanaagizia na pombe."

Nilikaa chini. Kwetu utani una wenyewe:
babu zao walipigana na babu zetu, wakapatana,
basi wajukuu hutukanana mpaka makaburini.
Sikujua kwamba mtu aweza kuomba utani
kama anavyoomba maji,
kwa mtu asiyemdai hata vita.

Nikaandika. Mizani kumi na sita kila mstari,
nilizihesabu kwa misumari juu ya meza,
maana yeye ni wa mizani, nikadhani atanielewa:

   Somoe una mapengo, upepo hupitilia,
   Nami shingo ya korongo, vumbi limenigandia,
   Sauti yako ni gongo, ghalani wanasikia,
   Nipime unipe bei, hata daraja la tatu.

(Ni mwanya tu. Mapengo niliyaleta kwa ajili ya kina.)

Alisoma amesimama. Alicheka, mwanya wote nje.
"Kalamu yako ina unyevu mwingi, fundi.
Kaianike."
Hakunikataa. Kati ya kukata na kukataa
kuna herufi moja tu, nikailalia wiki tatu.

Mnada wa nne ulipokwisha alikuja mwenyewe.
Nilifuta benchi kwa kofia.
Hakuketi. Alitoa kikaratasi, mwandiko wangu,
tarehe ya mwaka wa bei mbaya.
"Redio ya Mkwanda. Mchumba wangu.
Amerudi kutoka Msumbiji. Anasema
alikuahidi kesho."

Nilimtoza mkanda, elfu tatu. Vumbi sikulihesabu.
"Kanda imekwama," nikasema.
"Iache humo humo. Wimbo wenyewe mtamu,
mtu anamsifia mwenzake."
"Anamsifia," nikasema.

Siku hizi nausikia kutoka dirishani kwao, nyuma ya stendi,
akifua, akiuimba kwa maneno ya kubuni.
Sipiti huko. Napita.
Wana mbwa mweupe mwenye upele shingoni.
Hunipokea mpaka mlangoni.
Bado hajaanza kusita.